Unakwenda Hakodate? Isome Ardhi Kwanza, Mizigo Baadaye

Ofisi yetu huwaandaa watu wanaokwenda masomoni Japani, na baadhi yao hupelekwa Hakodate, kwenye kitivo cha uvuvi cha Chuo Kikuu cha Hokkaido. Tangu Desemba 2025 maswali yamemiminika. Mwezi huo lilipiga tetemeko kubwa karibu na pwani ya Aomori, mkoa wa kaskazini kabisa mwa kisiwa kikuu cha Honshu, na kwa mara ya kwanza Japani ikatoa taarifa maalumu ya tahadhari, kwamba huenda likafuata kubwa zaidi, kwa Hokkaido na Sanriku, pwani ya kaskazini mashariki mwa Honshu. Wazazi walipiga simu wakitaka watoto wao warudishwe nyumbani. Tunawaelewa. Lakini mengi tuliyoulizwa yalionyesha kwamba watu hawajui mji huu ulivyokaa, na asiyejua ulivyokaa hawezi kujua akimbilie wapi.

Hakodate uko kusini kabisa mwa kisiwa cha Hokkaido, kwenye Rasi ya Oshima, ukitazamana na Honshu ng'ambo ya Mlangobahari wa Tsugaru. Mlima Hakodate, wenye kimo cha mita 334, zamani ulikuwa kisiwa. Mawimbi na mikondo ikarundika mchanga hadi kisiwa kikaungana na bara, na juu ya shingo hiyo ya mchanga ndipo yalipojengwa maeneo ya katikati ya mji. Mahali pembamba kabisa pana takriban kilomita moja tu. Upande wa magharibi ni ghuba na bandari, upande wa mashariki ni ufukwe wa Omori unaopigwa na mlangobahari. Ukisimama katikati, una bahari kulia na bahari kushoto, na ardhi uliyokanyaga ni ya chini. Tafadhali lisome tena hilo, maana mengine yote yanatokana nalo.

Mlima uliikinga ghuba, na kwa sababu hiyo bandari ikapatikana. Mwaka 1854, kwa Mkataba wa Kanagawa, Japani ilikubali kuzifungulia meli za Marekani bandari za Shimoda na Hakodate, na mwaka huohuo Perry, kamanda wa meli za kivita za Marekani, akafika Hakodate na meli zake. Mwaka 1859 biashara na mataifa ya nje ikaruhusiwa rasmi Hakodate, sambamba na Yokohama na Nagasaki. Wakaja mabalozi wadogo, mapadri wa Kiorthodoksi kutoka Urusi, na wafanyabiashara, na majengo yao au ya warithi wao bado yanaonekana mtaa wa Motomachi, kwenye miteremko ya mlima. Ngome ya Goryokaku, yenye umbo la nyota ya ncha tano, ilikamilika mwaka 1864. Humo ndimo wafuasi wa mwisho wa utawala wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani ya zamani, walimojichimbia hadi waliposalimu amri mwaka 1869. Kwa miaka mingi Hakodate ulikuwa mji mkubwa kuliko yote Hokkaido, kabla Sapporo haujaupita.

Shingo ile iliyouletea mji bandari iliuletea pia upepo. Hakuna kilima wala msitu wa kuuzuia unapovuka kutoka bahari moja kwenda nyingine. Jioni ya tarehe 21 Machi 1934, wakati wa dhoruba kali, moto ulianza upande wa kusini wa mji wa nyumba za mbao. Waliokufa ni 2,166, na majengo zaidi ya 11,000 yaliteketea. Watu walikimbilia ufukwe wa Omori wakidhani maji yatawaokoa na moto. Mawimbi yakawachukua, na waliobaki mchangani baridi ikawaua. Waliokufa maji walikuwa wengi kuliko walioungua. Barabara pana zenye ukanda wa miti katikati, ambazo wageni huzipiga picha wakidhani ni mapambo, zilikatwa baada ya msiba huo ili moto usiruke kutoka mtaa hadi mtaa.

Bahari nayo imewahi kutoa somo lake. Tarehe 26 Septemba 1954 kivuko cha Toya Maru kilizama nje ya bandari kwa kimbunga, na watu 1,155 wakafa. Maafa hayo ndiyo yaliyosukuma ujenzi wa njia ya reli chini ya bahari, Seikan, yenye urefu wa kilomita 53.85, iliyofunguliwa Machi 1988. Kwa kuwa tunaulizwa kila msimu: treni ya mwendokasi iliyofika Hokkaido mwaka 2016 haikufikishi mjini. Inaishia kituo cha Shin-Hakodate-Hokuto, kilichoko katika mji jirani, na hapo unabadilisha treni. 

Hali ya hewa. Hakodate si Siberia. Watu wanatuletea rekodi ya Asahikawa ya nyuzi 41 chini ya sifuri, ya mwaka 1902, wakiuliza kama makoti yao yanatosha. Asahikawa iko ndani ya kisiwa. Hakodate uko karibu nyuzi 42 kaskazini, usawa wa Roma, na mkondo wa maji vuguvugu hupita mlangobahari. Wastani wa Januari ni nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Lakini wastani huo ndio wenye hatari yake: mchana theluji huyeyuka, usiku huganda, na asubuhi miteremko ya Motomachi inateleza kama kioo. Upepo wa majira ya baridi hutoka kaskazini magharibi, kutoka bara la Asia. Aliyekulia pwani yetu kati ya kaskazi na kusi atazoea upesi wazo kwamba upepo una msimu wake.

Nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta ya taa. Usizibe matundu ya hewa, na baada ya theluji nyingi nenda nje ukaangalie bomba la moshi la hita. Likifunikwa, hewa ya sumu inarudi ndani, na haina harufu. Usiku wa baridi kali, au ukisafiri, toa maji kwenye mabomba: funga valvu ya kutolea maji (hiyo hukata maji yanayoingia na kuyamwaga yaliyomo), fungua mabomba yote hadi yaishe kabisa, kisha yaache wazi. Bomba likipasuka kwa barafu, gharama mara nyingi humwangukia mpangaji.

Sasa tsunami. Taarifa ya Desemba ni mfumo ulioanza Desemba 2022. Hutolewa likipiga tetemeko la kipimo cha 7 au zaidi katika eneo lililowekwa, kwa sababu uzoefu wa duniani unaonyesha kwamba takriban mara moja kati ya mia moja hufuata kubwa zaidi. Hudumu wiki moja. Huo si utabiri. Haimtaki mtu ahame. Inamtaka aendelee na kazi zake huku mkoba, viatu na koti vikiwa karibu na kitanda. Ile wiki ilipita bila tetemeko kubwa zaidi, na kuna walioandika kwamba wataalamu "walikosea". Hawakukosea, mara 99 kati ya 100 ndivyo inavyotarajiwa.

Onyo la tsunami ni jambo jingine kabisa. Hutolewa dakika tatu hivi baada ya tetemeko, kwa ngazi tatu: tahadhari kwa mawimbi ya hadi mita 1, onyo kwa hadi mita 3, na onyo kubwa kwa zaidi ya hapo. Kwenye shingo ya mchanga usingoje ngazi. Ukihisi mtikisiko mkali au mrefu, panda: kuelekea mlimani, au ghorofa za juu za jengo lililoteuliwa kuwa la kukimbilia. Na usishuke mapema. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilipiga saa 8:46 mchana. Wimbi kubwa zaidi bandarini Hakodate, mita 2.4, lilipimwa usiku, baada ya kupita muda wa karibu saa tisa. Mtu mmoja alikufa mjini.

Makadirio ya serikali ya Japani ya Desemba 2021 yanasema kwamba tetemeko kubwa la Mfereji wa Japani, bonde refu la chini ya bahari mashariki mwa nchi hiyo, katika hali mbaya kabisa, linaweza kuua watu hadi 199,000, na kwamba kukimbia mapema kungepunguza vifo kwa asilimia 80 hivi. Makadirio hayohayo yanahesabu watu 42,000 watakaokuwa hatarini kwa baridi baada ya kufika juu salama. Ndiyo maana tunasisitiza koti.

Utaratibu: ndani ya siku 14 tangu uhamie kwenye makazi yako, sajili anwani yako kwenye ofisi ya manispaa ukiwa na kadi ya ukaazi. Kuchelewa bila sababu kunaweza kukutoza faini ya hadi yeni 200,000. Kupitisha siku 90 bila sababu ya msingi kunaweza kufuta hadhi yako ya ukaazi. Kutoa anwani ya uongo ni kosa lenye kifungo cha hadi mwaka mmoja. Kadi tembea nayo wakati wote. Siku hiyohiyo ya kusajili, omba ramani ya maeneo yanayofikiwa na tsunami, tafuta nyumba yako juu yake, kisha tembea kwa miguu kutoka mlangoni hadi mahali pa juu palipo karibu. Fanya hivyo mchana, halafu rudia usiku theluji ikiwa imeanguka.