Tuzo za vifaa vya teknolojia: mjadala uanze kwa aliyetoa tuzo

Kila inapotangazwa simu bora ya mwaka, kompyuta bora au programu bora, watu hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema mshindi kastahili, wapo wanaosema kabebwa. Sisi tunaofanya kazi ya elimu kwa watumiaji huletewa ubishi huo tuuamue, na jibu letu huwaudhi wengi: hatuwezi kusema bidhaa ilistahili au haikustahili mpaka tujue nani aliipima, aliipata wapi, alipima nini, na pesa zake zinatoka wapi. Mjadala mzuri unamwanzia mtoaji wa tuzo. Mshindi anafuata baadaye.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Vifaa vya elektroniki havina bahati hiyo, maana ubora wake umo ndani ya chipu na betri, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Mtu akishika simu mbili dukani haoni ipi itachoka baada ya mwaka, wala ipi ina kamera itakayomwangusha usiku. Ndiyo maana anategemea nembo iliyobandikwa kwenye boksi. Nembo hiyo inabeba uamuzi wa kutumia pesa zake, kwa hiyo ana haki kamili ya kuihoji.

Chukua maonyesho ya vifaa vya teknolojia ya CES yanayofanyika Las Vegas kila Januari. Waandaaji wake hutoa Tuzo za Ubunifu, na nembo yake huonekana kwenye matangazo dunia nzima. Kampuni inayotaka kushindana hujaza maombi, hulipa ada, kisha majaji husoma maelezo iliyowasilisha. Waandaaji wenyewe wanatamka wazi kwamba tuzo inatokana na maelezo hayo, na kwamba hawakuhakiki madai yaliyomo wala hawakukijaribu kifaa kilichotuzwa. Tamko hilo lipo, si siri. Huwa tu limeandikwa kwa herufi ndogo pembezoni mwa tangazo, mahali ambapo wachache hufika. Tuzo ya namna hii inakwambia kwamba wazo la bidhaa liliwavutia majaji. Haikwambii kama bidhaa inafanya kazi.

Katika maonyesho hayohayo, Januari 2013, lilitokea jambo ambalo nadhani kila mtumiaji angepaswa kulijua. Chombo cha habari za teknolojia CNET ndicho kilichopewa kazi ya kuchagua bidhaa bora za maonyesho. Wahariri wake walipiga kura, na kura zikakiangukia kisimbuzi cha kampuni ya Dish kiitwacho Hopper with Sling, kilichomwezesha mtazamaji kufuatilia vipindi vya nyumbani kwake akiwa popote. Hopper ilikuwa pia na uwezo wa kuruka matangazo ya biashara, na kwa sababu hiyo kampuni ya televisheni ya CBS ilikuwa imeishitaki Dish mahakamani. CBS ndiyo iliyokuwa mmiliki wa CNET. Amri ikatoka juu: kisimbuzi kiondolewe kwenye mashindano, kura irudiwe. Ikarudiwa, na tuzo ikaenda kwa kifaa cha michezo cha Razer Edge. Wasomaji waliambiwa kwamba bidhaa ya Dish imeondolewa kwa sababu ya kesi. Hawakuambiwa kwamba ilikuwa imeshashinda.

Ukweli ulipojulikana, mwandishi wa CNET Greg Sandoval alijiuzulu. Waandaaji wa maonyesho wakavunja ushirikiano na CNET katika tuzo hizo na kuitangaza Hopper kuwa mshindi mwenza. Katika kisa chote hicho hakuna aliyesema Razer Edge ni kifaa kibaya. Huenda kilikuwa kizuri sana. Lakini mtu aliyekiona na nembo ya ushindi wiki ile hakuwa na njia ya kujua kwamba wapimaji wenyewe walichagua kingine.

Pesa haziingii kwa amri za namna hiyo tu. Mara nyingi zinaingia kwa mlango wa mbele, kwa mkataba halali. Kampuni ya Marekani J.D. Power hufanya tafiti za kuridhika kwa wateja, kisha mshindi akitaka kutumia jina la tuzo katika matangazo yake hulipia leseni. Tuzo ya ubunifu wa maumbo ya Red Dot huko Ujerumani hutoza ada ya kushiriki, na washindi hulipia tena kifurushi cha ushindi. Kampuni ya Ufaransa DxOMark, ambayo alama zake za kamera za simu hunukuliwa kila simu mpya inapozinduliwa, huwauzia watengenezaji vifaa vya maabara na huduma za ushauri. Nisieleweke vibaya: malipo ya namna hii peke yake si ushahidi wa upendeleo, na mashirika haya yana mbinu za upimaji ambazo baadhi yake ni za hali ya juu. Ila mwenye maslahi ayataje, ili msomaji ajipimie mwenyewe.

Kisha kuna udanganyifu wa upande wa pili, wa anayepimwa.

Programu za kupimia kasi ya simu hutoa namba moja, na namba hiyo ndiyo inayopanga orodha. Julai 2013 wachambuzi wa AnandTech waligundua kwamba chipu ya picha ya Samsung Galaxy S4 ilifika megahezi 533 ilipofunguliwa programu fulani za upimaji, lakini katika michezo ya kawaida iliishia 480. Simu ilikuwa na orodha ya majina ya programu za upimaji, na ikiliona jina mojawapo inakaza mwendo. Miezi michache baadaye waandishi wa Ars Technica walifanya jaribio ambalo hadi leo naliona ni la kufundishia. Walichukua programu ya upimaji ya Geekbench, wakaibadilisha jina tu, wakaiweka kwenye Galaxy Note 3. Hawakugusa kitu kingine chochote. Alama zikashuka, kwa sababu simu haikutambua tena kwamba imo kwenye mtihani. Tofauti ilifika hadi asilimia 20. Kesi iliyofunguliwa Marekani kuhusu S4 iliisha mwaka 2019 kwa Samsung kukubali kuwalipa wanunuzi hadi dola 10 kila mmoja, bila kukiri kosa.

Hao hawakuwa peke yao. Septemba 2018 kampuni ya UL iliziondoa simu nne za Huawei na Honor kwenye orodha za kipimo chake cha 3DMark, baada ya kuzipima kwa toleo la siri ambalo simu hizo hazikulitambua. Machi 2022 Geekbench ikaondoa vizazi vinne vya simu za Galaxy S, kwa kuwa huduma moja ndani ya simu hizo ilikuwa ikipunguza kasi ya programu nyingi za kawaida na kuziacha programu za upimaji zikimbie. Mapema mwaka 2024 shirika la SPEC, linalosimamia vipimo vya kompyuta za ofisini na za vituo vya data, lilibatilisha matokeo zaidi ya 2,600 ya kompyuta zenye vichakataji vya Intel, kwa sababu zana ya Intel ya kuandalia programu ilikuwa imenolewa mahususi kwa ajili ya sehemu moja ya mtihani. Na Aprili 2025 ikawa zamu ya akili mnemba: toleo la Llama 4, akili mnemba ya kampuni ya Meta, lililopelekwa kwenye LMArena, orodha inayopanga akili mnemba kwa kura za watumiaji, lilikuwa la majaribio, lililoboreshwa kwa mazungumzo, tofauti na lile ambalo umma ulipewa kupakua. LMArena ilitamka kwamba Meta haikuielewa sera yake kama ilivyotarajiwa. Toleo la umma lilipopimwa lenyewe, liliangukia nafasi ya chini sana.

Kinachonitia moyo katika visa hivi ni kwamba waliopima walikuwa tayari kurudi nyuma, kufuta na kueleza sababu. Mimi ninapokagua orodha yoyote, huanza na swali hilo: je, imewahi kumwondoa mtu hadharani? Orodha ya miaka mingi isiyowahi kusahihisha lolote hunipa shaka kuliko ile iliyowahi kukiri kwamba imedanganywa.

Hata pale ambapo kila mtu ni mwaminifu, mshindi anaweza kubadilika bila kifaa kubadilika. Tuchukue mfano wa simu mbili. Ya kwanza imepata 9 kwa kamera, 6 kwa betri na 9 kwa kasi. Ya pili imepata 7 kwa kamera, 9 kwa betri na 7 kwa kasi. Mchambuzi anayeipa kamera uzito wa asilimia 50, betri 20 na kasi 30 atapata 8.4 kwa simu ya kwanza na 7.4 kwa ya pili. Mwenzake anayeipa betri uzito wa asilimia 60, na kamera na kasi asilimia 20 kila moja, atapata 7.2 kwa ya kwanza na 8.2 kwa ya pili. Vipimo ni vilevile, simu ni zilezile, na wachambuzi wote wawili wamesema kweli. Sehemu kubwa ya ubishi ninaousikia kuhusu nani kastahili ni wa aina hii: watu wawili wenye mahitaji tofauti wanagombania namba moja iliyojumlishwa kwa ajili ya mtu wa tatu. Kwa hiyo achana na jumla, soma alama ya kile unachokihitaji.

Muda nao una hukumu yake. Samsung Galaxy Note 7 ilisifiwa sana na wachambuzi ilipotoka Agosti 2016. Tarehe 2 Septemba kampuni ikawataka wanunuzi wairudishe kwa sababu betri zilikuwa zikishika moto, na Oktoba utengenezaji wake ukasimamishwa kabisa. Wachambuzi hawakudanganya. Walikuwa na simu kwa siku chache, na kasoro hiyo haikujitokeza mikononi mwao. Tuzo inayotolewa wiki ya uzinduzi haiwezi kubeba ushahidi ambao haujapatikana.

Upimaji mzuri unaonekanaje? Shirika la Consumer Reports la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1936, halipokei matangazo na hununua dukani bidhaa linazozipima. Desemba 2016 lilikataa kuipendekeza MacBook Pro mpya ya Apple kwa sababu ya betri. Kompyuta moja ya inchi 13 ilidumu saa 16 katika jaribio la kwanza, saa 12.75 katika la pili, na saa 3.75 katika la tatu. Matokeo yanayotawanyika hivyo ni dalili kwamba kuna kitu hakiko sawa, ama kwenye kifaa ama kwenye kipimo. Apple ilichunguza ikagundua kwamba wapimaji walikuwa wamezima hifadhi ya muda ya kivinjari, ili kurasa zipakuliwe upya kila mara, na mpangilio huo ukaamsha hitilafu iliyojificha ndani ya Safari, kivinjari cha Apple. Hitilafu ilirekebishwa, kompyuta zikapimwa tena, na Januari 2017 shirika likaipendekeza. Kila upande ulisema ulichofanya, namba zilichapishwa, na yeyote angeweza kufuatilia hoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilisoma wakati ule watu wakilibeza shirika kwamba limeaibika. Sikubaliani nao hata kidogo. Hivyo ndivyo kazi hii inavyotakiwa kufanywa.

Kwa upande wa sheria, mtumiaji asitarajie mahakama imwamulie nani alistahili nafasi ya kwanza. Kampuni ya teknolojia NetScout ilipoishitaki kampuni ya utafiti Gartner mwaka 2014 kwa kuiweka mahali isipopataka kwenye mchoro wake wa kupanga kampuni za teknolojia, Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo la Connecticut, Marekani, ilihitimisha mwaka 2020 kwamba upangaji huo ni maoni, na maoni yanalindwa. Sheria inaingia pale nafasi inapouzwa huku mnunuzi akiambiwa kwamba haiuzwi. Mwaka 2020 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishitaki LendEDU, iliyopanga ubora wa mikopo na huduma za fedha, ikidai kwamba iliwapandisha nafasi waliolipa huku ikijinadi kuwa haiegemei upande wowote. Shauri liliisha kwa malipo ya dola 350,000. Tangu Oktoba 21, 2024 kanuni ya tume hiyo inapiga marufuku kununua au kuuza maoni bandia ya wateja, na inamkataza mwenye bidhaa kuendesha tovuti ya uchambuzi inayojifanya huru.

Kwa hiyo ukikutana na nembo ya tuzo kwenye boksi, tafuta mwaka, kundi la mashindano, na jina kamili la modeli iliyoshinda. Wapo wauzaji wanaobandika ushindi wa modeli moja juu ya nyingine ya bei nafuu, au wa miaka mitatu iliyopita juu ya toleo jipya ambalo halijawahi kupimwa. Nenda kwenye orodha rasmi ya mtoaji, siyo ya muuzaji, ulinganishe neno kwa neno. Jina likikosekana, piga picha ya boksi na ya tangazo, tunza risiti, na mwandikie mtoaji wa tuzo mwenyewe pamoja na mamlaka inayolinda watumiaji mahali ulipo. Mtoaji anayeijali nembo yake ana sababu ya kujibu upesi, maana jina linalotumika vibaya hapo ni lake.