Kupima nguvu ya taya: mtoto wa mbwa anavyojifunza kutouma kwa nguvu

Mbwa aliyejifunza kupima nguvu ya taya, meno yake yakigusa ngozi ya mtu hayatoboi. Wengi huchanganya jambo hili na kumkataza mbwa asiume kabisa, na hapo ndipo mafunzo yanapokwenda kombo. Hata mbwa mpole akikanyagwa mkia usingizini, au akishikwa penye jeraha, anaweza kugeuka na kuuma kabla hajatambua ni nani. Aliyejifunza kupima atakuachia mate mkononi. Asiyejifunza atakupeleka kushonwa.

Walimu wa kwanza ni ndugu zake. Meno ya utotoni huanza kuota akiwa na wiki 3 hivi, madogo na makali kama sindano, huku taya bado ni dhaifu: yanauma vya kutosha kufundisha, lakini hayaleti jeraha kubwa. Mmoja akimbana mwenzake kupita kiasi, aliyeumia hulia na kuacha kucheza, naye mchokozi hubaki peke yake. Baada ya kubaki hivyo mara nyingi, huanza kulegeza taya mwenyewe. Ndiyo maana anayetenganishwa na ndugu zake kabla ya wiki 8 hupoteza sehemu kubwa ya somo hili.

Nyumbani, wewe ndiye unayeshika nafasi ya ndugu. Akikubana kwa nguvu, lia kwa sauti fupi, legeza mkono, kisha simama umpe mgongo kwa nusu dakika hivi kabla ya kurudi mchezoni. Usiuchomoe mkono ghafla, maana kinachokimbia hufukuzwa. Wapo ambao kelele huwapandisha mori. Kwa hao, ondoka kimya kimya. Anza kwa kukataa kuumwa kwa nguvu tu. Kukipungua, kataa na kuumwa kwa wastani, mpaka hata mguso mdogo wa jino usimamishe mchezo.

Tafadhali usimpige wala kumfunga mdomo kwa mkono. Atajifunza kuuogopa mkono wako, na mbwa mwenye hofu ndiye wa kuhofiwa. Akizidi kuuma ovyo jioni, huenda amechoka tu, mlaze.

Muda wenyewe ni mfupi. Meno ya utotoni huanza kung'oka akikaribia miezi 4, na akifika miezi 7 kwa kawaida ana meno 42 ya ukubwani, katika taya ambazo si dhaifu tena.