Je, wajua kwa nini kusimamia mawingu ya wateja wengi ni kugumu kuliko kusimamia wingu moja kubwa?

Kampuni nyingi zinazotumia huduma za wingu, yaani kompyuta na hifadhi za kukodi kupitia intaneti, haziajiri wataalamu wao wa kuzitunza, bali huikabidhi kazi hiyo kwa mtoa huduma anayesimamia akaunti zao katika Amazon Web Services, Microsoft Azure au Google Cloud, akatunza nakala rudufu, akafuatilia usalama na kuwaandalia ankara. Ni rahisi kudhani kwamba mwenye wateja 40 hurudia kazi ileile mara 40, na kwamba akishaizoea humwia nyepesi. Sivyo ilivyo, kwa kuwa analazimika kutimiza mambo mawili yanayovutana: kuwatenga wateja wasionane kabisa, na papo hapo yeye awaone wote akiwa sehemu moja.

Kila mteja hupewa eneo lake, ambalo kwa Amazon ni akaunti, kwa Azure ni usajili na kwa Google ni mradi. Mipaka ya maeneo hayo haijengwi kwa namna moja, hivyo ruhusa iliyopangwa vizuri huku haihamishiki kule ilivyo. Tena wateja huja na mazingira waliyojijengea kwa miaka mingi, yakiwa na seva ambazo hakuna anayekumbuka zinafanya kazi gani. Mtoa huduma angependa kuweka kiwango kimoja kwa wote, lakini benki na duka la mtandaoni hazifungwi na sheria zilezile, na mteja anayeshughulikia taarifa za watu walioko Umoja wa Ulaya hubanwa na GDPR, kanuni ya Umoja huo ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018, ambayo humwajibisha pia yule anayechakata taarifa kwa niaba ya mwenzake.

Kuwaona wote kwa pamoja ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Ili fundi asihangaike na nywila za kila mteja, programu ya usimamizi hupewa ruhusa ya kuingia kote, sawa na mlinzi aliyeachiwa funguo za nyumba zote za mtaa. Tarehe 2 Julai 2021, wahalifu wa kundi la REvil walitumia kasoro iliyokuwemo katika VSA, programu ya kampuni ya Kaseya ambayo watoa huduma huitumia kusimamia kompyuta za wateja wao kutoka mbali. Wateja wa Kaseya walioguswa moja kwa moja hawakufika 60, lakini kupitia kwao biashara zinazokadiriwa kufikia 1,500 zilifungiwa mafaili na kudaiwa fedha ili yafunguliwe. Nchini Uswidi, maduka ya Coop yapatayo 800 yalishindwa kufungua kwa sababu mashine za malipo ziligoma, ingawa Coop yenyewe haikuwa mteja wa Kaseya.

Ipo hatari nyingine isiyotajwa sana, nami naiona ndiyo inayoonyesha wazi kwamba wingi wa wateja hauongezi tatizo tu, bali huzaa tatizo jipya. Katika mfumo wa Amazon, mteja hutengeneza jukumu (kwa Kiingereza role), yaani utambulisho wenye ruhusa ndani ya akaunti yake ambao mwingine anaweza kuuvaa, akatangaza kwamba mtoa huduma anaruhusiwa kulitumia, kisha akampa anwani ya jukumu hilo. Tuseme mteja A ameikisia anwani ya jukumu la mteja B na kuiwasilisha kana kwamba ni yake. Programu ya mtoa huduma itaingia kwa B bila kizuizi, kwa kuwa B anaiamini, na itamletea A taarifa za B, ilhali hakuna nywila iliyoibwa wala mlango uliovunjwa. Kosa la namna hii lilielezwa na Norm Hardy mwaka 1988, miaka mingi kabla ya Amazon kuanza kuuza huduma za wingu. Kinga yake ni mtoa huduma kumpa kila mteja utambulisho wa pekee, na kuutuma kila anapofanya kazi kwa niaba ya mteja huyo; B naye huweka sharti kwamba asiyeleta utambulisho wa B asipokelewe. Programu ikitumwa na A itabeba utambulisho wa A, nayo itakataliwa. Kwa mwenye mteja mmoja, mtego huu haupo kabisa.

Fedha nazo zina usumbufu wake, kwa kuwa kila kampuni ya wingu hutoa ankara kwa mpangilio wake, na punguzo lililonunuliwa kwa ajili ya kundi zima hulazimu mtu akae chini kuamua nani anastahili kiasi gani.

Hata kuagana kuna kazi. Akaunti iliyokuwa chini ya malipo ya mtoa huduma huhamishwa, nakala rudufu hukabidhiwa, na ruhusa hufutwa pande zote mbili. Upande wa mteja ndio husahauliwa mara nyingi, na jukumu likibaki pale, mtu asiye na mkataba naye tena huendelea kuwa na njia ya kuingia.