Kwa nini Dred Scott alidai uhuru, mahakama ikamjibu habari za uraia?

Tarehe 6 Aprili 1846, mjini St. Louis katika jimbo la Missouri, mtumwa aitwaye Dred Scott na mkewe Harriet walifungua mashauri ya kudai uhuru. Dred hakujua kuandika, kwa hiyo penye sahihi alitia alama ya X. Karibu miaka 11 baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilimjibu kwamba mtu mweusi wa uzao wa watumwa hawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Lakini yeye hakuwa ameuliza hilo! Uraia uliingilia wapi?

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Bwana wake, John Emerson, daktari wa jeshi, alimchukua akaishi naye Illinois, jimbo lisiloruhusu utumwa, kisha Fort Snelling, katika Minnesota ya leo, ambako sheria ya mwaka 1820 iitwayo Mapatano ya Missouri ilikuwa imeupiga utumwa marufuku. Huko ndiko alikomwoa Harriet. Na mahakama za Missouri zenyewe zilikuwa zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba mtumwa aliyepelekwa kukaa kwenye nchi huru amekuwa huru, na harudi tena utumwani.

Hata hivyo, mwaka 1847 walishindwa. Shahidi aliyedaiwa kuwakodi kutoka kwa mjane wa Emerson alipobanwa alisema yeye alitoa fedha tu, mapatano aliyafanya mkewe. Basi ikaonekana haijathibitishwa kwamba mjane yule ndiye anayewamiliki, nao wakaendelea kuwa watumwa wake yuleyule! Nikifikia hapa huwa nashindwa kuendelea kusoma kwa muda. Mwaka 1850 wakashinda, na mwaka 1852 mahakama ya juu ya Missouri ikaufuta ushindi huo, ikisema nyakati zimebadilika.

Ikabaki njia moja, nayo ndiyo iliyouleta uraia. Katiba ya Marekani inamruhusu raia wa jimbo moja kumshtaki raia wa jimbo jingine katika mahakama ya shirikisho. Kaka wa mjane, John Sanford, aliyekuwa New York, sasa ndiye aliyehesabiwa kuwa mmiliki. Kwa hiyo Scott, akijitaja kuwa raia wa Missouri, akamshtaki. (Karani alikosea jina akaandika Sandford, na kesi inaitwa hivyo mpaka leo.) Mawakili wa Sanford wakalidaka neno hilo: huyu ni mweusi, si raia, basi hana ruhusa hata ya kuingia mahakamani.

Tarehe 6 Machi 1857, Jaji Mkuu Roger Taney, mzee wa miaka 79, alisoma hukumu iliyoungwa mkono na majaji saba kati ya tisa. Alisema waasisi wa taifa waliwaona watu weusi kuwa hawana haki yoyote ambayo mzungu analazimika kuiheshimu. Jaji Benjamin Curtis alimpinga kwa ushahidi: katiba ilipopitishwa, weusi huru walikuwa na haki ya kupiga kura katika majimbo matano, North Carolina ikiwemo. Wangewezaje kupiga kura kama hawakuwa miongoni mwa wananchi?

Curtis aliona na kasoro nyingine. Taney alishasema mahakama haina mamlaka ya kumsikiliza Scott, kisha akaendelea kuamua kiini cha shauri lenyewe: mtumwa ni mali, kwa hiyo Bunge halina uwezo wa kuzuia utumwa katika maeneo ambayo bado si majimbo. Sheria ya 1820 ikabatilishwa. Hapo ndipo moto ulipokolea, maana chama kipya cha Republican kiliundwa kwa lengo hasa la kuuzuia utumwa usienee kwenye maeneo hayo, na sasa kiliambiwa lengo lake linavunja katiba. Mwaka 1860 mgombea wake, Abraham Lincoln, akachaguliwa rais, na Aprili 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza.

Familia ya Scott ilikuwa imeshaachwa huru. Mjane wa Emerson aliolewa na mbunge mpinga utumwa, na aibu ilipozidi, umiliki ukahamishiwa kwa mtoto wa bwana wa kwanza wa Dred, aliyewapa uhuru tarehe 26 Mei 1857. Dred akafanya kazi ya kubeba mizigo hotelini mjini St. Louis, akafariki kwa kifua kikuu Septemba 1858.

Mwaka 1868 Marekebisho ya 14 ya katiba yalitamka kuwa kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya sheria zake ni raia. Harriet aliyaona. Aliishi hadi mwaka 1876.