Gemu ya bure na dhana nyingine zinazonichosha kwa wenye simu mpya

"Fundi, simu imeingia virusi." Kauli hiyo naisikia karibu kila siku, na mara nyingi simu yenyewe haijatimiza mwezi. Aliyeileta mara ya mwisho ni mama mmoja mtu mzima, kioo cha simu bado kimevaa plastiki ya kiwandani. Kila akifungua gemu yake ya kupanga matofali anakutana na video za mikopo ya haraka, za kupunguza tumbo, za gemu nyingine. Nikaishika, nikacheza mbele yake. Raundi ikaisha, tangazo likajaa kioo kizima, sekunde thelathini. Alama ya X ikachomoza juu kulia, ndogo kama kichwa cha pini. Nikaigusa, ikanitupa Play Store. Nikarudi, X nyingine ikaibuka upande wa kushoto.

"Si umeona? Virusi hao."

"Mama, hiyo ndiyo bei ya gemu yako," nikamjibu.

Hakuniamini. Nikaona bora niandike.

"Gemu ya bure haina gharama"

Hii ndiyo inayonimaliza. Mtu ananiambia nimwekee gemu nzuri, "lakini iwe ya bure," kana kwamba kuna watu wamekaa mahali wanachora, wanaandika programu na kulipia seva kwa ajili ya thawabu. Fedha inatoka mahali. Kwa gemu za bure inatoka kwenye matangazo, au kwenye vitu vinavyouzwa ndani ya gemu, na nyingi zina vyote viwili.

Tuanze na matangazo. Gemu inaweza kuwa ndogo, isihitaji mtandao hata kidogo, lakini kila video ya tangazo inashushwa kwa bando lako. Subway Surfers, kwa mfano, inachezeka bila data kabisa. Ukiwasha data na kukubali kutazama video ili ufufuke baada ya kugonga treni, umelipa. Ndiyo maana watu wanakuja wanalalamika bando limeyeyuka na wanaapa walikuwa wanacheza "kagemu kadogo tu." Kagemu ni kadogo kweli. Zile video arobaini hazikuwa ndogo.

Vitu vya kuuza vina ujanja zaidi. Huuziwi upanga au nguo kwa pesa ya kawaida. Kwanza unauziwa vito au sarafu za mle ndani, halafu vito ndivyo vinavyonunua upanga. Ukiona "vito 80" akili haihesabu pesa. Na vifurushi vimepangwa makusudi: kitu ni vito 80, kifurushi kinauzwa cha 50 au cha 100. Unanunua 100, vinabaki 20 visivyofaa kitu, na hivyo 20 ndivyo vitakavyokurudisha kesho.

Kuna na kukungojesha. Candy Crush Saga, ambayo iko kwenye simu tangu 2012, inakupa maisha matano. Ukiyamaliza, moja linarudi kila baada ya nusu saa. Mwenye subira anacheza miaka bila kutoa hata senti, na wengi ndivyo wanavyofanya. Biashara haiwategemei hao. Wenye tasnia wana jina la wale wachache wanaolipa sana: nyangumi. Gemu inajengwa ili kumtafuta nyangumi, na wewe ulikuwa bado hujajua kama ndiye au siye siku ulipobonyeza kitufe cha kupakua.

Usidhani natia chumvi. Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza makubaliano na Epic Games, wenye gemu ya Fortnite: dola milioni 245 za kuwarudishia wachezaji. Tume ilisema vitufe vilipangwa vibaya kiasi kwamba mtu aliweza kukatwa pesa akijaribu tu kuiamsha gemu, au ikiwa bado inafunguka. Miaka minane nyuma, 2014, Apple na Google nao walikubaliana na Tume hiyohiyo kurudisha mamilioni ya dola kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya programu bila ruhusa. Kwa hiyo mzazi anayekuja kwangu analia kwamba mtoto "ameharibu simu" hana habari kwamba hata serikali zimeshagombana na jambo hilo.

Na taarifa yote iko wazi! Fungua ukurasa wa gemu Play Store. Karibu na jina lake, kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, pameandikwa "Ina matangazo" na "Ununuzi wa ndani ya programu." Shuka kwenye maelezo zaidi utakuta kiwango cha bei ya vitu vinavyouzwa ndani, cha chini na cha juu. Mimi huangalia cha juu tu. Kitu kimoja cha gemu ya bure kikiwa na bei ya kukaribia simu ya mtumba, najua wanamwinda nani.

Kinachonikera ni hiki: mtu huyohuyo nikimtajia gemu ya kulipia ananitazama kama nataka kumwibia. Stardew Valley, gemu ya kulima na kufuga ambayo Eric Barone aliitengeneza peke yake, unailipia mara moja. Haina tangazo, haina vito, haikungojeshi, na ukipanda basi ukiwa nje ya mtandao inaendelea. Monument Valley ya 2014, yenye majengo yanayodanganya macho, utaimaliza kwa jioni moja au mbili na hutaisahau. Piga hesabu ya bando na ya hasira, uniambie ipi ghali.

Bure ya kweli ipo pia, ila haijitangazi. Lichess, ya sataranji, inaendeshwa kwa michango: hakuna tangazo, hakuna kilichofungiwa. Na ile ninayomwekea karibu kila anayenikalia mezani ni mkusanyo wa mafumbo wa Simon Tatham: mafumbo kama arobaini, Sudoku imo kwa jina la Solo, megabaiti chache tu, haiombi mtandao. Sura yake mbaya, sikatai. Inaonekana kama kikokotoo. Wanaiponda wiki ya kwanza, wiki ya tatu wananiuliza namna ya kuongeza ugumu.

Kipimo changu mimi, na nakirudia mpaka wateja wananicheka: ukishapakua gemu, washa hali ya ndegeni, kisha icheze dakika kumi. Ikigoma kufunguka wakati ni ya mtu mmoja na haina wa kushindana naye, jiulize mtandao inautakia nini. Ikifunguka na kutulia, mnaweza kuishi pamoja.

Halafu nenda kwenye mipangilio ya Play Store, sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi, uiamuru iombe neno la siri kila mara. Kwenye iPhone unaweza kuzima kabisa ununuzi wa ndani ya programu. Fanya hivyo kabla ya kumpa mtoto simu. Mkishakatwa, hamna haja ya kugombana na mtoto.

"Gemu ya kwenye tangazo ndiyo nitakayoipata"

Umeona ile ya kuvuta vijiti ili maji yazime moto na jamaa aokoke? Mwaka 2020 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo ya namna hiyo ya Homescapes na Gardenscapes, kwa kuwa sehemu kubwa ya gemu zenyewe ni kupanga vitu vya rangi moja, wala si vijiti. Tazama picha za ukurasani, au tafuta video ya mtu anayecheza. Tangazo liache.

"Nyota nyingi, gemu nzuri"

Gemu hukuomba nyota dakika uliyoshinda, ungali unatabasamu. Soma maoni ya nyota moja na mbili, ya karibuni. Wenye hasira hutaja kasoro kwa jina: "tangazo baada ya kila hatua," "nimepoteza nilipofika." Hayo yana faida kuliko elfu ya "nzuri sana."

"Simu nzuri lazima iwe na gemu kubwa"

Vijana hasa. Anaitoa simu boksini na jambo la kwanza ni Genshin Impact, ambayo siku hizi inakula zaidi ya GB 20. Anaona namba ndogo kule dukani, hajui kwamba huo ni mlango tu. Mzigo unashushwa ukishaifungua. Simu ya GB 64 ikiondolewa mfumo, picha na WhatsApp inabaki na nini? Baada ya siku mbili inakuwa nzito na inachemka, kisha nasikia ni "feki." Usicheze gemu nzito huku unachaji, joto ndilo adui wa betri. Na zile programu za "kuharakisha gemu" na "kusafisha RAM" zifute zote. Nyingi hazina kazi zaidi ya kukuonyesha matangazo, na Android inajua kupanga kumbukumbu yake bila msaidizi.

"Gemu ya kutoka pembeni, nje ya Play Store, ndiyo hiyohiyo, tena imefunguliwa kila kitu"

Hapana. Dong Nguyen alipoiondoa madukani Flappy Bird, gemu aliyoitengeneza mwenyewe, Februari 2014, nakala zilizagaa, na baadhi zilikutwa zikituma meseji za kulipia kwa siri. Kirusi cha kweli huja kwa mlango huo. Ukiona gemu ya karata inaomba kusoma meseji zako, huna haja ya fundi kukwambia ni hatari.

"Gemu zinampotezea muda mtu anayejifunza simu"

Hapa nabishana na watoto wa wateja wangu, wale wanaomnunulia mzazi simu na kumkataza asiguse chochote. Solitaire, gemu ya karata ya mtu mmoja, ilipoingia kwenye Windows 3.0 mwaka 1990, watu chungu nzima walizoea kuburuta kwa kipanya kwa kuhamisha karata. Kidole nacho kinajifunza hivyohivyo. Mzee anayebonyeza kwa ukucha na kushikilia mpaka menyu inafunguka, mpe karata za mtu mmoja zisizo na matangazo kwa wiki moja. Atarudi anagusa, anaburuta, anaachia mahali panapotakiwa, na hata kupokea simu hakumsumbui tena.

"Nikiifuta gemu, makato yanakoma"

Kama ulijiunga na malipo ya kila wiki au kila mwezi, kuifuta gemu hakuyakatishi, si kwa Android wala kwa iPhone. Fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia kwenye malipo na usajili, ukatishe hapo. Kijana mmoja alikuja kulalamika kwamba kuna mtu anamwibia kwenye akaunti. Gemu alishaifuta miezi mitatu iliyopita. Nikamfungulia sehemu hiyo mbele yake, tukaukuta usajili umekaa umetulia, na tarehe ya kukatwa tena ilikuwa kesho yake.