Sahihi, barabara, bila walakini: dhana na ukweli

Dhana: "Sahihi" ya jibu na "sahihi" ya kutia kwenye hati ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati.

Ni neno moja, na chimbuko lake ni mwili. Kiarabu huita sahihi kitu kizima, kisicho na ugonjwa wala ufa. Mzizi huohuo ndio uliotupa *siha*, yaani afya. Ndiyo maana wanazuoni wa Kiislamu hutenganisha hadithi sahihi za Mtume na hadithi dhaifu: riwaya husemewa kama mtu, anayeweza kuwa mzima au mnyonge. Na ukitia sahihi kwenye hati, unaipa uzima, inashika. Tangu nilipolijua hili, kusahihisha insha za wanafunzi nakuona kama kutibu, na kalamu nyekundu naishika kwa upole zaidi.

Dhana: Bila Kiarabu, Mswahili asingekuwa na neno la kutaja jambo lisilo na kosa.

Hii huniuma. Msikilize mtoto aliyerudi shule na daftari la hesabu: "Nimepata nane, nimekosa mbili." Kukosa ni Kibantu, na ni kulekule kukosa basi, kukosa shabaha. Kosa, basi, ni kile kilichopita kando ya kilicholengwa. Na lisilo kosa "limenyooka": maneno yamenyooka, hesabu imenyooka. Kukosa na kunyooka hatukuviazima.

Dhana: Kazi "iliyofanywa barabara" imelinganishwa na barabara ya magari.

Tamka polepole usikie. Barabára ya magari ina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida yetu. "Amefunga mlango barábara" mkazo umerudi nyuma. Hili la pili ni la Kiajemi, lenye maana ya kulingana, sawa kwa sawa, na Wagujarati hadi leo husema *barabar* wakimaanisha sawasawa, kama inavyotakiwa.

*Walakini* nalo hucheza mchezo huohuo. Waláki­ni ni kiunganishi, "lakini". Walakíni ni dosari. Kwa Kiarabu ni "na lakini" tu, halina ubaya wowote. Ila hebu fikiria posa inapojadiliwa: "Kijana ni mpole, ana kazi, walakini..." Kabla sentensi haijaisha, ukumbi mzima umeshajua kuna jambo. Kutoka hapo hadi "kijana ana walakini" ni hatua moja. Napenda sana kwamba lugha yetu ilikipa kile kituo cha pumzi jina la kasoro.

Dhana: Kisicho sanifu si sahihi.

Kusanifu ni kupanga na kutunga kwa ustadi. Kiswahili sanifu kilipangwa: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930. Uliokuwa ukitafutwa ni usawa wa vitabu vya shule katika nchi kadhaa. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilikuwa na washairi wake wakubwa muda mrefu kabla ya hapo, na lahaja haikugeuka kosa kwa sababu kamati ilichagua nyingine. Bibi wa Mji wa Kale, Mombasa, akimwita mjukuu wake, "Ndoo, shika ndia twende," yaani njoo, shika njia, hajakosa neno hata moja.