Elektroni inaporudi nyumbani: jinsi mipigo ya atosekunde inavyozaliwa

Leza ya yakuti yenye titani, ambayo maabara nyingi za fani yangu huitegemea, hutoa mwanga wa urefu wa wimbi wa takribani nanomita 800. Wimbi hilo huchukua femtosekunde 2.7 kukamilisha mtikisiko mmoja, na femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Kwa kuwa mpigo wa mwanga hauwezi kufupishwa sana chini ya mtikisiko wake mmoja, anayetaka atosekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya femtosekunde, hana budi kutafuta mwanga wa masafa ya juu zaidi, katika urujuanimno wa mbali au eksirei.

Njia ilianza kuonekana mwaka 1987 huko Saclay, Ufaransa, mwanafizikia Anne L'Huillier na wenzake walipopitisha leza ya infraredi kwenye gesi ya argoni. Ulitoka mwanga mpya ambao masafa yake yalikuwa ya leza yakizidishwa kwa namba witiri, hadi 33, na ajabu ni kwamba nguvu yake haikuendelea kufifia kadiri namba ilivyopanda.

Maelezo yaliyoenea ya jambo hili ni ya mwanafizikia Paul Corkum, ya mwaka 1993, na kwangu bado hayajapitwa kwa uzuri. Leza inapofikia wati trilioni 100 kwa sentimita mraba, uga wake wa umeme huipinda kani inayoishikilia elektroni, nayo huponyoka. Uga huisukuma mbali, kisha hugeuka na kuirudisha. Ikiungana tena na atomu yake, nishati yote iliyobeba hutoka kama fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga. Wakati wa kuponyoka ndio huamua kila kitu: elektroni iliyotoka kabla ya kilele cha uga hairudi kamwe, na iliyotoka punde tu baada ya kilele ndiyo hurudi na nishati kubwa kuliko zote. Kwa argoni, katika ukali huo, fotoni hufikia nishati ya takribani elektronivolti 35, ilhali fotoni ya leza yenyewe ina 1.55 tu.

Tukio hili hutoa mpigo mfupi wa mwanga, nalo hujirudia kila nusu ya mtikisiko wa leza, uga ukiwa umegeuka upande. Ndiyo sababu ya zile namba witiri. Mwaka 2001 Pierre Agostini alipima msururu wa mipigo ya atosekunde 250, na mwaka huohuo Ferenc Krausz, huko Vienna, akatenga mpigo mmoja wa atosekunde 650. Wote wawili, pamoja na L'Huillier, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023.

Kuongeza ukali wa leza hakutoshi. Gesi ikipoteza elektroni nyingi mno, kasi ya mwanga wa leza ndani yake hubadilika, na mawimbi yatokayo kwenye atomu mbalimbali huanza kufutana badala ya kujumlishana. Kwa hiyo tunaporekebisha mtambo, kwa kawaida mkono huenda kwanza kwenye valvu ya gesi na mahali pa kulenga mwanga.